Mshipi Hutupwa Mara Moja

Tlemsen, 4 Machi 1912

Kwa Shangazi Rahmuna, aliyeko Sham,

Nabusu mkono wako wa kulia na mabega yako mawili. Nakuandikia kwa mkono mmoja, maana wa pili umemshika mtoto. Sisi wazima, ila tumechoka. Setti ametimiza miaka mitano na anauliza kutwa kama Sham ni mbali kushinda Wahran. Ghalem kikohozi kimemwacha. Huyu mchanga hajanipa hata usiku mmoja wa kulala tangu nimzae, nami nimesahau usingizi una ladha gani. Mume wangu Ghauti anakusalimu. Rangi za sufu bado zimempaka buluu mpaka viwikoni, na watoto wa mtaani wanamwita Baba Nila. Theluji imeanguka mara mbili huko juu mlimani kwa Lalla Setti. Mcheri wako umechipua kabla ya wakati wake, naogopa baridi itauchoma.

Salamu zimekwisha, Shangazi, sasa neno lenyewe.

Sheria imetoka. Vijana wetu watachukuliwa jeshini kwa kura, wakishafika miaka kumi na minane. Ninyi mliohama mwaka jana mlisema itakuja, na sisi tuliobaki tukasema hayo ni maneno ya wanawake wakioga hamamuni. Imekuja. Na Baba yangu, ndugu yako Haji Jelul, amesimama katika Baraza la Jimbo kule Wahran na kuiunga mkono. Alisema: "Chukueni wana wetu, lakini mtupe haki wanazopewa watu waliotoa wana wao. Na wa kwanza awe wangu." Wafaransa wakampigia makofi. Hapa kwetu watu wanapita mbele ya duka lake bila kumsalimia.

Wa kwake ni nani kama si Bumedin? Mama alipokufa mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu na mimi saba. Nimembeba mgongoni kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Nilikwenda kwa Baba nikamuuliza:

"Neno lile ulilisema kweli au wamekusingizia?"

"Nimelisema."

"Bumedin ulimuuliza?"

"Sufu huulizwa kabla ya kufumwa?"

Shangazi, wanasema watakaochukuliwa watapelekwa Fas, ng'ambo ya mpaka, maana vita viko huko sasa. Fas kwa mjomba Alal. Fas ambako Baba mwenyewe ameuza mablanketi miaka ishirini. Mtoto niliyemlea akampige nani huko?

Baba hamsikilizi mtu duniani ila wewe uliyemlea. Muandikie. Neno moja tu.

Binti yako Mansuriya


Sham, 15 Mfungo Nane 1330 (tarehe 2 Mei)

Kwa Mansuriya, mwana wa ndugu yangu,

Barua yako imefika baada ya kuzunguka bahari nzima, ina harufu ya mafuta ya samaki. Tunaishi. Nyumba yetu ina kisima na jirani mwenye kelele. Aprikoti zinakaribia kuiva. Nyama ya hapa ni nzuri, kuskus hawajui kuipika. Wanaitupia maji kama wanaoga. Wewe lala, mwanangu. Mtoto akilia mwachie Baba Nila ambebe, mikono ya buluu nayo inabeba.

Kuhusu unaloniomba: hapana.

Wewe unamjua baba yako akiwa na duka na nishani kifuani. Mimi namjua akiwa hana viatu. Kipindupindu kilipowachukua wazee wetu nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye sita. Nilisokota sufu mpaka vidole vikapasuka, na yeye akazibeba nyuzi kichwani kuwapelekea wafumaji, anarudi na mkate mmoja. Alipofika kumi na tano akaenda Ujda na nyumbu wa kuazima akauza mablanketi manne. Alirudi anacheka. Nikamwambia, "Wewe utakuwa mfanyabiashara." Laiti ningenyamaza. Baada ya hapo akauza Fas, kisha Wahran, kisha akaanza kuyauzia makambi ya Wafaransa. Hapo ndipo alipojifunza kukaa kwenye viti vyao. Kisha Makka, kisha nishani, kisha Baraza. Siku aliyochaguliwa wapiga kura wake wote wangeenea hamamu moja, na maji yangebaki.

Sikatai, alichimba visima viwili na kuwapigania wafumaji ushuru upungue. Sikatai. Lakini tulipoamua kuhama, mimi na mwanangu Shukri tukiwa tumekwisha kufunga mizigo, alisimama mlangoni akasema, "Rahmuna, duka haliwezi kupanda meli." Nikamjibu, "Basi baki nalo, likulee." Nikaapa mbele ya majirani, kwa jina la Mungu, kwamba sitamwambia neno tena, kwa mdomo wala kwa kalamu. Mtu wa umri wangu havunji kiapo kwa sababu barua imemliza.

Mwambie Bumedin apande meli aje huku. Huku hakuna jeshi la Mfaransa.

Shangazi yako

(Mimi Shukri, mwandishi wake: Mama alisema makali kuliko haya, nimeyapunguza. Mansuriya, ukimwona mtu anakuja na ndege wa kanari, nitumie jozi. Wa hapa hawaimbi, wanalalamika tu. Bumedin mwambie aje haraka, kitanda changu kinatosha wawili akikubali kulala miguuni.)


Tlemsen, 8 Julai 1912

Shangazi yangu,

Nabusu mkono wako, na Shukri namsalimu. Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Kwetu kheri. Mtoto anaota meno, mashavu yote ni moto. Cheri zilikuwa chache kama nilivyoogopa. Ghalem ameanguka kwenye pipa la rangi ya manjano, na sasa nyumbani nina buluu mmoja na manjano mmoja.

Kuja huko haiwezekani. Wamefunga. Hapewi mtu karatasi ya kusafiri tena, sembuse kijana wa miaka kumi na minane.

Majina yamebandikwa. Watu wengi waliwaficha wana wao. Mwenye miaka kumi na minane ghafla ana kumi na sita, mwingine "alikufa utotoni" na huku anakunywa supu ya harira jikoni. Baba alikwenda mwenyewe na kumuandikisha Bumedin, tena mchana, watu wakimwona. Nilimfuata dukani. Nikamwambia, "Hata wewe mwenyewe hujui tarehe aliyozaliwa. Mimi ndiye ninayeijua."

Akasema, "Mansuriya, kwenye Baraza tumekaa wachache, mwisho wa meza. Nikisema wanatazama madirisha. Mara hii walinitazama mimi. Unajua maana yake? Watoto wako watasoma. Ghauti hatapigwa faini bila hakimu."

"Na Bumedin?"

"Bumedin atarudi."

"Nani kakwambia?"

Akaanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Si mbaya, Shangazi. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Jana Bumedin aliniuliza nikiwa napepeta unga: "Dada, nikimwona mjomba Alal upande wa pili, nifanye nini?" Nikamwambia, "Kula." Akala.

Nakuomba tena. Kiapo kina kafara yake, mtoto hana.

Mansuriya


Sham, 20 Ramadhani 1330 (tarehe 2 Septemba)

Kwa Mansuriya,

Nimepata barua. Mimi mzima. Joto ni kali na saumu ni ndefu. Anayeniandikia ni Sheikh Nuri, mwalimu wa watoto hapa msikitini, kwa hiyo usishangae mwandiko. Shukri yuko Halab kwa biashara ya sabuni.

La baba yako nimekwisha kulijibu. Sina jipya.

Mtoto msugue ufizi kwa asali na chumvi kidogo.

Shangazi yako


Tlemsen, 14 Oktoba 1912

Shangazi,

Nisamehe, leo salamu ni fupi. Watoto wazima. Dawa ya ufizi imesaidia, Mungu akulipe. Shukri tangu lini anauza sabuni? Yule aliyekuwa hajui kunawa bila kuambiwa? Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja wa matusi.

Kura imepigwa. Waliweka meza uwanjani, na juu yake sanduku. Baba alikaa upande wa wakubwa, amevaa burnusi yake nyeupe, nishani kifuani. Vijana walipita mmoja mmoja. Namba ndogo inakwenda, kubwa inabaki. Wanawake tulikuwa juu ya mapaa, tumejifunika. Bumedin alitia mkono akatoa kibao, akakisoma, akautazama ule upande tuliokuwa. Namba tisa.

Mama mmoja kwenye paa la pili akanipigia kelele: "Binti wa mjumbe! Leo na wewe umeonja!" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, Yamna, mtoto ni mtoto." Nikashuka.

Mwezi wa Januari wanaondoka.

Sheria inamruhusu mwenye uwezo kumweka mtu mwingine mahali pa mwanawe. Matajiri wawili wamekwisha kufanya hivyo. Nikamwendea Baba. Akasema, "Nikimnunulia mtu, basi yote niliyosema Wahran ni uongo, na kila mjumbe wetu atakayesimama baada yangu ataambiwa, kaa chini, tunawajua." Nikamwambia, "Basi nami sina baba." Akasema, "Najua." Lakini Ghauti aliingia dukani kuchukua nyuzi akamkuta amesimama nyuma ya magunia ya sufu, ameuma ukosi wa burnusi yake ili asisikike.

Bumedin hali. Anakaa chini ya kitanda cha kufumia akihesabu nyuzi. Nimemwogesha kama mtoto, Shangazi, mwanamume wa miaka kumi na minane, na hakunikatalia.

Kama hutaki kuandika, sawa, umeapa. Lakini nifundishe la kufanya. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu.

Mansuriya


Sham, 6 Mfungo Tatu 1330 (tarehe 16 Novemba)

Kwa Mansuriya binti yangu,

Larbi mshona viatu amechoka na ugeni na anarudi Tlemsen. Atakukabidhi mzigo. Ndani ni mshipi wangu wa harusi, ule wa nyuzi za dhahabu. Nyuzi zake nilisokota mimi na aliyezipeleka kwa mfumaji ni yeye Jelul, akiwa mtoto. Anaujua kuliko anavyoijua sura yake.

Umekulia Tlemsen, lakini kizazi chenu kimesahau mengi, basi nakukumbusha. Dada mkubwa aliyemlea ndugu yake ana haki ya kumwekea ari. Mshipi unatupwa begani mwake mchana, mbele ya watu, si chumbani, kwa kuwa ari isiyo na mashahidi ni ombi tu. Akishatupiwa hana budi atoe anachoombwa. Akikataa, hakuna atakayekula naye wala kumzika. Akitoa, mshipi unabaki kwake na haurudi. Ni mara moja kwa umri wote, hakuna ya pili. Mama yangu alikufa hajautumia wake.

Kiapo changu hakijavunjika. Nimeapa kutosema, sikuapa kutotupa.

Usiniulize habari za Shukri. Yuko safarini.

Fanya haraka kabla ya Januari. Na ule, mwanangu. Mwenye njaa hana shabaha.

Rahmuna


Tlemsen, 20 Januari 1913

Shangazi yangu, Mama yangu,

Watoto wazima, Ghauti mzima, Bumedin yuko hapa jikoni anamenya karoti. Hizo ndizo habari njema, na nimeziweka mbele ili uzisome kabla ya nyingine.

Nilikwenda Alhamisi ya kwanza ya mwezi, siku ya soko, maduka ya Kaysariya yakiwa yamejaa. Mtoto mgongoni, Setti nimemshika mkono, Larbi nyuma yangu. Baba alikuwa na wageni, wajumbe wawili kutoka Wahran, mmoja wao Mfaransa mwenye mashamba ya mizabibu, amekalia kiti cha pekee kilichokuwepo dukani. Nikasimama kizingitini nikaita kama mgeni: "Haji Jelul mwana wa Kadur!"

Akasema, "Mansuriya, nenda nyumbani. Nina wageni."

"Sikuja na miguu ya binti yako. Nimekuja na mshipi wa dada yako."

Nikautupa. Ukamkaa begani, ncha moja ikaning'inia mpaka chini. Waliokuwa wakipiga vumbi la mablanketi waliacha. Baba hakuutazama. Aliushika kwa vidole, akazipapasa nyuzi taratibu, kama apimavyo sufu ya kununua.

"Anataka nini?"

"Toa mtoto."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Ameapa hatasema nawe. Huo ndio mdomo wake."

Mzee Bensmain wa duka la pili, yule kiziwi, akasema kwa sauti kubwa, "Haji, tumeona sote!" Na soko zima likarudia, tumeona, tumeona.

Yule Mfaransa akauliza kuna nini. Baba akamjibu mwenyewe, na mimi nakijua Kifaransa kile kidogo nilichofundishwa na masista wa shule ya kushona, nikaelewa. Alimwambia: "Dada yangu ananiomba mwanangu."

"Nawe umesemaje?"

"Nimempa."

Mfaransa akatafuta kofia yake. Akasema, "Basi hivyo ndivyo mlivyo," akatoka.

Nikadhani yamekwisha, Shangazi. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka, ya furaha. Ndipo Larbi mshona viatu, Mungu amsamehe na ulimi wake, akasema, "Wallahi Bi Rahmuna ana moyo. Mimi nilidhani ule mshipi ni wa mwanawe mwenyewe."

Baba akageuka. "Mwanawe yupi?"

"Shukri. Kwani hamjui? Jeshi la Sultani limemchukua tangu mwezi wa Ramadhani. Amepelekwa vita vya Balkani."

"Mlihama kwa kukimbia jeshi!" alisema mtu nyuma.

"Ndiyo, na jeshi likatukuta huko. Balozi wa Kifaransa pale Sham huwatoa Watlemsen jeshini, wakithibitishwa kuwa ni raia wa Faransa. Shukri alikataa kujiandikisha kwake, na mama yake alikataa zaidi. Alipochukuliwa, kilichotakiwa kilikuwa neno la mkubwa wa huku. Neno la mjumbe wa jimbo. Sote tulimwambia, Bi Rahmuna, mtumie ndugu yako mshipi. Akasema ana mahali pa kuupeleka."

Baba alikaa juu ya magunia. Akauliza, si mimi, si Larbi, akauliza soko: "Mshipi hutupwa mara ngapi?" Mzee Bensmain hakuwa amesikia, ndiye peke yake aliyekuwa akitabasamu.

Shangazi. Sabuni ya Halab! Uliniambia nimsugue mtoto ufizi kwa asali, na wako yuko kwenye matope ya Balkani. Ningejua nisingeutupa? Nimejiuliza kila siku tangu Alhamisi ile, na jibu silipendi, kwa hiyo silisemi.

Baba alitimiza. Mtu wa milimani amekwenda mahali pa Bumedin. Jina lake sikuuliza, niliogopa kulijua. Naye ana mama.

Baada ya hapo Baba alipanda treni kwenda Wahran na mambo mawili: kukirudisha kiti chake cha Baraza, na kuomba barua kwa balozi wa Sham kwa ajili ya Shukri. Nikamwambia, "Omba kwanza, kiti urudishe baadaye." Akakataa. Akasema hawezi kuombea mtu kwa kiti ambacho si chake tena. Akakirudisha asubuhi. Mchana akaketishwa kwenye ukumbi wa kusubiri, na jioni karani mmoja, ambaye Baba alimpa blanketi siku ya harusi yake, akamwambia kwa upole, "Haji, leo wewe ni mjumbe wa nani?" Magazeti yamemwita mnafiki. Waliokuwa hawamsalimii kwa sababu alitoa mwana, sasa hawamsalimii kwa sababu alimrudisha.

Duka amemwachia Ghauti. Karatasi za kwenda Makka amezipata, na anasema meli ya Makka hupita karibu na Beiruti. Ameondoka jana. Nilimuuliza, "Utasema nini ukifika, na yeye hasemi nawe?"

"Nitakaa mlangoni mpaka anifukuze. Kufukuza nako ni kusema."

Mfungulie, Shangazi. Sikuombi kama mtoto. Nakwambia kama mama kwa mama: mfungulie.

Mansuriya


Sham, 25 Mfungo Sita 1331 (tarehe 4 Machi)

Kwa Mansuriya,

Sheikh Nuri anaandika, na nimemwonya asipambe.

Baba yako amefika. Viatu vyake si vya mvua ya huku, na ndevu zimekuwa nyeupe bila kuniaga. Alikaa mlangoni siku moja. Siku ya pili jirani mwenye kelele akaniambia nina mawe kifuani, nikafungua ili anyamaze. Kusema sikusema. Nilimwambia paka, "Paka wewe, mwambie mgeni supu inapoa." Naye akamwambia paka, "Mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi." Tuliishi hivyo, na paka akanenepa kwa kuitwaitwa.

Hujaniuliza kwa nini niliutuma mshipi huko. Nitakujibu hata hivyo. Shukri nilimkataza mimi kwenda kwa balozi. Nilisema, afadhali askari wa Sultani kuliko raia wa Faransa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na alikubali kwa kunipenda. Bumedin hakukubali chochote, alitolewa tu. Mshipi nikaupeleka kwa yule ambaye hakuna aliyemuuliza. Ulikuwa wangu. Wewe usijiulize tena, lala.

Kila asubuhi tunakwenda stesheni ya Baramke. Treni zinaleta majeruhi kutoka Beiruti. Wanawake tunasimama upande huu, na baba yako anapita kati ya machela akiuliza kwa Kiarabu chake cha Tlemsen ambacho hapa wanakicheka. Jumamosi hawakucheka. Alishuka kijana wa mtaa wa Midani, mguu mmoja umebaki huko. Alikuwa kundi moja na Shukri. Alisema mara ya mwisho alimwona nje ya Edirne, kwenye theluji, miguu imeganda, wamempakia kwenye gari la ng'ombe. Gari lilikwenda upande gani hajui. Yu hai, hajui. Amekufa, hajui.

Baba yako akamuuliza, "Alikuwa amejifunika nini?"

Kijana akasema, "Mzee, nani alikuwa na cha kujifunika?"

Mansuriya, mtu huyu amefunika makambi. Hakuna kambi ya Wafaransa kutoka Ujda mpaka Wahran ambayo hajaipelekea mablanketi. Aliposikia lile jibu alianguka pale pale kwenye matope ya reli, na watu wakamkanyaga mkono. Nikasikia sauti inaita, "Jelul! Jelul, inuka!" Ilikuwa yangu.

Hivyo kiapo kimekwisha. Nimefunga siku tatu za kafara. Yeye hakuapa lakini alifunga nami, na tulipofuturu akaniambia, "Rahmuna, chumvi imezidi kweli." Nikampiga kijiko.

Hatuwezi kukaa tena, hilo tumeliona wote wawili. Kukaa hapa kungoja treni ni kumngoja maiti. Mwenye gari aliyempakia ni mtu, ana jina, anakula mahali. Hospitali zina milango. Baba yako anajua kusema na wakubwa wanaotazama madirisha, na mimi najua kupiga kelele. Pete nimeuza, nyumba nimerudisha kwa mwenyewe. Paka amechukuliwa na jirani. Alfajiri tunapanda kwenda Halab, kisha Stambuli, kisha mbele, kadiri reli itakavyotufikisha, na reli ikiisha tuna miguu. Wazee wawili hawazuiwi na mtu; hakuna anayetutaka.

Tukifia njiani, hutapata habari, kwa kuwa hakuna huko anayetujua kwa jina. Usikae dirishani. Wasomeshe watoto, Setti naye, usinifanyie mchezo. Bumedin asije kututafuta hata akilia. Mlaze chini, umkalie.

Barua hii usiijibu. Hapa hapatakuwa na wa kuipokea.

Rahmuna, na hapa chini ndugu yangu anatia jina lake kwa mkono wake:

Jelul mwana wa Kadur